Barua kwa mwanangu: usiku niliokesha zizini

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma mara tatu. Unasema msimamizi wako wa uzamivu anataka usimamishe ziara zako kwa wafugaji mpaka umalize tasnifu, maana zinakula muda wa maabara, na unaniuliza mimi niliyeshika yote mawili miaka yote hii kama ana haki. Kuhusu muda ana haki. Kuhusu ziara, hapana, na sababu yake ni jambo ambalo sijawahi kukusimulia.

Nilipoanza uhadhiri nilikuwa nachunguza kwa nini ng'ombe wa maziwa wanarudia joto, yaani hamu ya kupandwa, baada ya kuhimilishwa, yaani kuwekewa mbegu ya dume kwa mrija. Palikuwa na mzee mmoja ambaye ng'ombe wake walinishinda kabisa. Mbegu nilikuwa nimezitazama mwenyewe kwenye hadubini, zilikuwa hai. Naitrojeni ya kugandisha mbegu mtungini haikuwa imepungua. Mhimilishaji alikuwa na mkono mzuri. Nikaamua kwamba mzee hajui kutambua joto, na nikamwambia hivyo mbele ya wanawe. Hadi leo maneno yale yananiuma. Hakubisha. Alisema tu, "Daktari, mimi nawaangalia kila nikikamua. Njoo na wewe ukae nao usiku."

Nikaenda, nikakesha. Kwenye saa nane za usiku ng'ombe wawili walianza kupandana, ndiyo dalili ya joto, kwenye kijisehemu cha udongo nyuma ya banda. Ndani hawakujaribu, kwa sababu saruji ilikuwa imelowa na ng'ombe anayeogopa kuteleza hapandi mwenzake. Yule aliyekuwa akitoa maziwa mengi kuliko wote alisimama akapandwa mara chache. Alfajiri, ndoo zilipoingia, alikuwa amelala anacheua. Mwenzake bado alikuwa anahangaika. Mzee angemwona huyo mmoja tu, na hata huyo asingejua ameanza saa ngapi.

Sasa fikiria nilichokuwa nafundisha darasani. Anayeonekana asubuhi ahimilishwe jioni, anayeonekana jioni ahimilishwe kesho asubuhi. Kanuni hiyo inatokana na kazi ya Trimberger kule Nebraska, iliyochapishwa 1948, na ni kazi ya kuheshimiwa. Lakini inategemea kujua joto limeanza lini, na mfugaji huanza kuhesabu pale anapoliona. Yai hutoka takribani saa 28 baada ya joto kuanza, na uhai wake ni mfupi. Saa kumi zilizopotea gizani zinatosha kuifanya mbegu nzuri ikute yai lililokwisha nguvu. Mzee hakuwa mzembe. Mimi ndiye niliyempa kanuni bila kuona banda lake.

Usiku ule ndio ulionipa maswali niliyoyafanyia kazi miaka mingi baadaye. Lile la kwa nini joto la ng'ombe wa maziwa mengi ni fupi sikulijibu mimi. Walilijibu watafiti wa Wisconsin. Ng'ombe wa namna hiyo anakula sana, damu nyingi inapita kwenye ini, na ini linaiondoa estrojeni, homoni inayoleta joto, upesi kabla haijamweka kwenye joto kwa muda mrefu. Nilipoisoma makala yao nilimwona yule ng'ombe amelala anacheua.

Unaweza kusema siku hizi kuna Ovsynch, mpango wa sindano za kupanga yai litoke lini: homoni ya kwanza, homoni nyingine iitwayo prostaglandini siku ya 7, ile ya kwanza tena baada ya siku 2, kisha unahimilisha kesho yake bila kuvizia joto. Tangu 1995 mpango huo umesaidia wengi, nami nimeufundisha kwa furaha. Ila ng'ombe aliyezaa akakonda mpaka mbavu zinahesabika, ovari zake zimelala. Sindano haiwi chakula. Hilo linaonekana bandani, na wakati mwingine majibu ya maabara hulifuata nyuma.

Na wafugaji wanakosea pia, usiwafanye malaika. Wengi hupiga simu wakiona damu kwenye mkia, wakidhani joto limeanza. Damu hiyo huja siku moja hadi tatu baada ya joto kupita. Anachotakiwa mfugaji ni kuandika tarehe na kumtazama ng'ombe kwa makini kuanzia siku ya 17 hivi, maana mzunguko ni siku 21, wakati mwingine 18, wakati mwingine 24. Kila nilipolieleza hili, palikuwa na mtu aliyekwisha kupoteza miezi kwa kutolijua.

Gharama ipo. Wenzangu walinitangulia vyeo, kwa kuwa siku ya zizini haihesabiwi kama makala. Na wewe ulikuwa mdogo, usiku mwingi ulilala bila mimi. Kwa vyeo sijuti. Kwa usiku huo wako, nakuomba msamaha.

Usigombane na msimamizi wako. Mwombe ziara mbili kwa mwezi, na kila ng'ombe anayehimilishwa umchukulie maziwa kidogo siku hiyohiyo. Projesteroni, homoni inayoshuka wakati wa joto, ikiwa juu, huyo hakuwa kwenye joto, na hapo una sura ya tasnifu ambayo hawezi kukuambia inakula muda. Chupa za sampuli ninazo, nakutumia. Andika namba ya ng'ombe, saa aliyoonekana, na saa ambayo mfugaji alimtazama mara ya mwisho kabla ya hapo. Hiyo ya mwisho mimi sikuiuliza kwa miaka miwili.

Mama yako