Nimeondolewa kwenye eneo la Ebola, je nimekimbia tauni?

SWALI: Shehe, assalamu alaykum. Mimi ni mwalimu wa madrasa, kamati yetu ya daawa (kulingania dini) ilinipeleka kijiji kimoja wilaya ya Kassanda, Uganda, nimekaa huko miaka mitatu. Ebola ilipotangazwa Septemba 20 mwaka 2022 nikapigiwa simu usiku, kesho yake alfajiri panda gari urudi Tanzania, sikumuaga mtu. Nilipofika nikakaa chumbani siku 21, sikuwa na dalili yoyote, sasa nimepangiwa Kahama. Kuna ustadhi kwenye grupu la watsap anasema nina dhambi ya aliyekimbia vita. Na mzee aliyenipa chumba kule amefariki kwa ugonjwa huu. Silali, na watoto wa hapa nawafundisha tu mradi siku ipite. Nifanyeje?

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullah. Mwanangu, pole sana, na nakujibu mbele za watu kwa sababu hayo maneno ya grupu yameshawafika wengi na yanaumiza watu wasio na kosa. Huna dhambi hiyo.

Hadithi tunaijua wote, mkisikia tauni iko katika nchi msiingie, na ikitokea nanyi mmo humo msitoke kwa kuikimbia. Sasa huyo ustadhi ameishia kwenye "msitoke" akaacha lile neno la mwisho, na hukumu yote imekaa hapo. Kwa kuikimbia! Imam Nawawi, mwanachuoni mkubwa wa hadithi, kaeleza wazi kwamba anayetoka kwa haja nyingine isiyokuwa kukimbia hana ubaya. Wewe hukujitoa, umeitwa na waliokutuma, na kama simu ile isingelia ungekuwa bado uko kule na hao wanafunzi wako. Aliyekimbia vita ni yule aliyegeuza mgongo mwenyewe, siyo askari aliyeamriwa na kamanda wake ahamie upande mwingine.

Najua atakachosema huyo ustadhi, mbona Abu Ubayda (r.a.), sahaba aliyekuwa kamanda wa jeshi, aliitwa na Khalifa Umar atoke Sham (Syria na jirani zake) kwenye tauni ya Amwas akakataa? Kweli, mwaka wa 18 Hijria, akaomba udhuru akasema ana jeshi la Waislamu chini yake hawezi kujitenga nalo, akafia huko, Allah amridhie. Lakini kisa hakikuishia hapo jamani, someni mpaka mwisho! Umar akamwandikia tena kwamba watu wako kwenye bonde lenye unyevu, wapandishe sehemu ya juu. Akafa Abu Ubayda, akafa Muadh aliyemrithi, akashika uongozi Amr bin Al-Aas akasimama akawaambia watu tawanyikeni milimani. Mtu mmoja akamkalia kooni hadharani, akamtolea maneno mazito ya kumvunjia heshima. Amr akasema wallahi sikujibu, na wallahi hatukai hapa. Akatoka na watu, Allah akaiondoa tauni, khabari ikamfika Umar na hakulichukia alilofanya Amr. Je Umar naye alikuwa haijui hadithi? Yeye ndiye aliyerudi njiani pale Sargh, mpakani mwa Sham, aliposikia kuna tauni, akaulizwa unaikimbia kadari ya Allah, akasema ndio, tunaikimbia kadari ya Allah kwenda kwenye kadari ya Allah.

Kingine kinachoniudhi ni huu ushujaa wa kwenye simu. Hiyo Ebola ni ya aina ya Sudan, mpaka sasa haina chanjo iliyothibitishwa, na inapita kwenye matapishi, damu na jasho la mgonjwa, hata la maiti. Huko huko Kassanda kuna watu walifukua maiti iliyozikwa na watu wa afya ili waioshe kidini, na walioishika wakaugua, wengine wakafa. Nani aliwafundisha hivyo? Fiqhi imeshasema kama maji hayawezekani kuna tayamamu, na kama hata kugusa ni hatari, wanazuoni wengi wa leo wanasema wajibu wa kuosha unaanguka, anaswaliwa na kuzikwa. Hilo ndilo la kumwaga kwenye magrupu, siyo kumhukumu kijana ambaye hata hakupewa nafasi ya kuaga.

Tena ungekuwa umemhudumia mgonjwa halafu ukatoroka, ukajichanganya na watu, hapo ningekuwa na maneno mengine na wewe. Lakini umekaa siku zako 21 ndani, sahani inaachwa mlangoni, unaswali peke yako, na kufanya hivyo ndiyo kuifuata ile hadithi.

Na kamati pia niwaambie, mtu wa miaka mitatu haondolewi kwa simu moja ya usiku halafu basi. Mkalisheni chini mumsikilize.

Sasa wewe. Kassanda na wilaya jirani ya Mubende zilifungwa Oktoba 15, 2022 kwa ajili ya Ebola, usije ukajaribu kupenya njia za panya ati ukazike au ukape pole, hilo nakukataza kabisa. Piga simu kwa watoto wa marehemu, sema nao taratibu, waeleze ilivyokuwa usiku ule, maana inawezekana wanachoulizana ni mwalimu yuko wapi tu. Darasa lako la kule lirekodi kwa sauti kila baada ya alfajiri, dakika kumi zinatosha, mmoja mwenye simu atawasikilizisha wenzake. Grupu lile nyamaza kama alivyonyamaza Amr. Na hawa wa Kahama wasikujue kama mtu aliyeletwa na maradhi, jifunze majina yao wiki hii, yule anayekosea makhraja (matamshi) ya herufi dhwad muweke mbele karibu yako.

Mzee wako tunamuombea daraja la shahidi, kwa hadithi ya tauni. Na kwetu Mashafii swala ya ghaibu, ya kumswalia maiti asiyekuwepo mbele yako, ipo, kwa hiyo ijumaa hii baada ya swala muombe imamu wa hapo dakika chache, mtaje kwa jina lake, usimame umswalie pamoja na watu wako wapya.