Kinshasa, anza na mbote

Mliuliza wiki iliyopita: ni mji gani wa muziki umewahi kuutembelea, na ulijilindaje ugenini? Wangu ni Kinshasa. Nilikwenda mwaka 2023, siku tisa. Nimekulia Temeke, kwenye nyumba ambayo redio yake haikuchoka bolingo, na marehemu baba aliimba nyimbo za Franco, nguli wa rumba ya Kongo, mwanzo hadi mwisho bila kujua maana ya hata ubeti mmoja. Nilitaka kufika alikotamani kufika yeye.

Mwenyeji wangu alikuwa mdogo wa rafiki yangu wa kanisani, mzaliwa wa Lubumbashi, huko Katanga, aliyeolewa Kinshasa. Alikuwa ameshaniambia nisikate tiketi ya ndege inayotua usiku, na nisisahau kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Akanipokea uwanja wa ndege wa N'djili mchana kweupe. Tulipotoka nje nikaanza kummwagia Kiswahili kwa furaha. Akanishika mkono. "Yaya (ndugu mkubwa), hiki tutakiongea nyumbani. Njiani anza na mbote," yaani salamu ya Kilingala.

Hilo ndilo ninalotaka wenzangu walielewe kabla ya kufunga mizigo. Tunajua Wakongo wanaongea Kiswahili, na ni kweli, ni moja ya lugha nne za taifa lao. Lakini ni lugha ya mashariki na ya Katanga. Kinshasa ni mji wa Kilingala. Mei 1997 askari wa kiongozi wa waasi, Laurent-Désiré Kabila, waliingia mjini humo na Kiswahili midomoni, na hadi leo wapo wanaokisikia wakakumbuka bunduki. Vita vya mashariki vikipamba moto, masikio yanakuwa makali zaidi. Mwishoni mwa Januari 2025, waasi wa M23 walipoingia mji wa mashariki wa Goma, waandamanaji Kinshasa walivamia balozi kadhaa, za Kenya na Uganda zikiwemo. Kwa hiyo kabla ya kukata tiketi, fuatilia habari za Goma na Bukavu, hata kama ziko mbali sana na huko unakokwenda. Zikiwa mbaya, ahirisha safari. Rumba haitakimbia.

Basi nikajifunza maneno yangu machache. Mbote, papa. Mbote, mama. Nazali moto ya Tanzania, yaani mimi ni mtu wa Tanzania. Nayoki Lingala te, yaani sielewi Kilingala. Sijawahi kuona salamu ikifanya kazi kama ile. Muuzaji aliyekuwa amenikunjia uso ananivutia kiti, ananifundisha neno jingine. Baadaye, tukishazoeana, wengine walianza wenyewe kunijaribishia Kiswahili chao.

Simu ilinitia wasiwasi kuliko kitu kingine chochote. Si vibaka tu, ingawa mtaa wa Matonge umesongamana kama Kariakoo wiki ya sikukuu na mkoba lazima uubane kwapani. Tatizo ni picha. Kupiga picha majengo ya serikali, askari, uwanja wa ndege au ukingo wa mto kunaweza kukuingiza kwenye maelezo marefu na mtu mwenye sare, kwa Kifaransa usichokijua. Siku ya pili niliinua simu barabarani bila kufikiri, mwenyeji akaushusha mkono wangu kabla sijabonyeza. Tangu hapo nilipiga picha palipokuwa na mtu wa kumwomba ruhusa tu. Ya kwanza ilikuwa kwenye sanamu ya Franco pale Matonge, na niliipiga kwa mikono inayotetemeka.

Dola zinapokewa karibu kila mahali, ila ziwe safi. Noti yenye mchaniko mdogo kama ukucha inarudishwa, na ya dola moja hawaitaki kabisa. Usafiri: nilipanda teksi ya dereva anayejulikana na familia. Wewa, ndizo bodaboda zao, niliziacha zipite. Usiku hakuna kutembea kwa miguu hata hatua mia, kwa sababu ya vijana wa mapanga wanaoitwa kuluna, ambao wenyeji wenyewe wanawaogopa.

Na jamani, tamasha la uwanjani lifikirieni mara mbili. Oktoba 2022, kwenye onyesho la mwanamuziki Fally Ipupa katika Stade des Martyrs, watu 11 walikufa katika msongamano. Uwanja ulikuwa umejaa kupita kiasi. Ukienda, ingia mapema, kaa karibu na njia ya kutokea, na ondoka kabla ya wimbo wa mwisho. Mimi nilichagua baa ya wazi yenye bendi, na sikujuta hata dakika moja. Rumba iliyoingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika Desemba 2021 inaishi kwenye viti vile vya plastiki.

Tulikwenda Jumamosi. Dereva tulimwagiza awe mlangoni saa sita usiku. Soda yangu ilifunguliwa mbele ya macho yangu. Wazee wanne walipiga magitaa, na watoto walichungulia juu ya ukuta. Mwenyeji akaniambia zamani watazamaji wa namna hiyo waliitwa ngembo, yaani popo.

Wenzetu wana desturi ya libanga: unampa mwimbaji pesa, naye anakutaja ndani ya wimbo. Kwa sisi tuliolelewa na taarabu, kutunza si kugeni. Nilikuwa nimezitenga faranga nyumbani, noti chache zilizokunjwa mfukoni, ili nisifungue pochi mbele ya watu. Mwenyeji akanipeleka jukwaani, akamnong'oneza mwimbaji jina. Nikarudi kukaa. Sebene, ile sehemu ya kucheza, ilipochanganya, gitaa la juu likilia, nikamsikia akiliita jina la baba yangu, mara mbili, kisha akaongeza: Tanzania.