Kabla hujaweka faini kwenye mali kauli

Wadogo zangu mliopewa ruti za mauzo za Ngamiani, Tanga, mwezi huu, nimeona pendekezo lenu: mwenye duka akichelewesha malipo ya mali kauli, yaani mzigo aliouchukua kwa ahadi ya kulipa baadaye, atozwe shilingi 2,000 kwa wiki. Nimelisoma mara mbili, nikafunga daftari, nikaenda kunywa chai. Sasa nimetulia, tuongee.

1. Usimmwagie mwenye duka bidhaa zote mezani. Mwaka 2000 watafiti Sheena Iyengar na Mark Lepper walitoa matokeo ya jaribio lao la jemu huko California. Waliosimama kwenye meza ya aina 24 walinunua karibu 3 kati ya 100, na waliosimama kwenye meza ya aina 6 karibu 30. Waliorudia majaribio ya namna hiyo hawakupata hivyo kila mara, basi jaribuni wenyewe: sabuni tatu, halafu nyamaza.

2. Wanasaikolojia Kahneman na Tversky walishaandika mwaka 1979 kwamba hasara humuuma mtu kuliko faida ya kiasi kilekile inavyomfurahisha. Mkumbushe mwenye duka wateja wanaoondoka mikono mitupu jioni unga ukiisha. Lakini iwe kweli! Ukimdanganya wa Barabara ya 6 kwamba bei inapanda Jumatatu, wa Barabara ya 14 atakuwa na habari zako kabla baiskeli yako haijafika.

3. Faini. Hapa mnisikilize vizuri, kwa sababu niliiweka mimi, kwa mkono wangu, nikiwa na umri wenu. Kabla yake, aliyekwama alikuwa anamtuma mtoto: "Mama anasema leo hajapata, umvumilie mpaka Ijumaa." Nikaona huo ni uzembe, nikabandika karatasi stoo, 2,000 kwa kila wiki. Mwezi wa kwanza watoto waliacha kuja. Mwezi wa pili waliokuwa wanachelewa siku mbili wakawa wanachelewa wiki mbili, na 2,000 wanaileta bila kinyongo. Kwao aibu ilikuwa imepata bei, tena bei nafuu.

Kulikuwa na mama mmoja wa Barabara ya 12, mteja wetu kabla hata mimi sijaajiriwa. Alikuja mwenyewe, hakutuma mtu. Akahesabu deni lote, akaweka noti mbili za elfu pembeni. "Hizi si za mzigo," akasema. "Mwanangu, nilikuwa nakuonea haya, ndiyo maana nalipa. Sasa unaniuzia siku. Mimi riba siili wala siilishi." Nilimjibu kwamba ni utaratibu wa ofisi. Ningemeza neno hilo kama ningeweza. Hakuchukua mzigo siku ile, na hajachukua kwetu tena.

Nikaiondoa faini. Wateja waliendelea kuchelewa vilevile. Miaka baadaye ndipo nikasoma kwamba wanauchumi Uri Gneezy na Aldo Rustichini walilipima jambo hilohilo kwenye vituo 10 vya kulea watoto mjini Haifa, Israeli. Kwenye vituo 6 kati ya hivyo wazazi waliochelewa kuwachukua watoto walipigwa faini, uchelewaji ukaongezeka karibu mara mbili, na faini ilipofutwa haukushuka. Niliweka karatasi mezani nikakaa kimya muda mrefu. Wale wazazi nawajua. Wako kwenye daftari langu.

Anayechelewa, mpitie siku moja kabla ya siku yake, umsalimie, umuulize biashara. Deni atalitaja mwenyewe.

4. Oda ya wiki iliyopita iandike kabla hujafika, abadilishe yeye anachotaka. Wengi huacha kilivyo.

Pendekezo lenu nimelirudisha, na sijakasirika; mmefikiri, na mtu anayefikiri anafundishika. Kesho saa mbili asubuhi tukutane stoo. Tutaanza Barabara ya 12, kwa yule mama. Daftari la oda liacheni kwenye baiskeli. Tutampa shikamoo, tutamuuliza hali, akitukaribisha tutakaa.