Binti Anayeshika Hesabu Apewe na Saini

Kwa miaka mingi nilitunza hesabu za biashara ya baba yangu, huku kaka yangu akiwa ndiye anayefuatana naye benki na kwa wauzaji wa jumla. Hakuna aliyetupangia hivyo, wala hakuna aliyehoji. Baba alipoanza kuugua, ilibainika kwamba mimi ndiye niliyejua nani anatudai na faida inatoka wapi, lakini benki haikuwa na saini yangu. Muuzaji mmoja wa siku nyingi, nilipompigia simu kumwomba atuongezee muda wa kulipa, aliniuliza kwa upole kama kaka yuko karibu.

Tangu hapo naamini kwamba mrithi wa uongozi huwa amekwisha kuchaguliwa kabla ya kikao cha kumchagua, kwa sababu anayetambulishwa kwa watu ndiye anayeaminiwa nao.

Eugene Meyer, aliyelinunua gazeti la The Washington Post mwaka 1933, alimkabidhi uongozi mkwewe, Philip Graham, mwaka 1946, na akampa hisa nyingi kuliko alizompa binti yake Katharine, ambaye alikuwa amewahi kufanya kazi katika gazeti hilo. Philip alipofariki mwaka 1963, Katharine alilazimika kujifunza kuongoza akiwa tayari amekalia kiti, na bado aliliongoza gazeti hilo hadi likaivalia njuga kashfa ya Watergate, iliyomfanya Rais Nixon wa Marekani ajiuzulu. Wengi humsifu kwa ujasiri, nami namsifu, lakini nasikitikia zaidi miaka 17 aliyoachwa pembeni. Ana Botín, aliyechukua uenyekiti wa benki ya Santander ya Hispania mwaka 2014 baba yake alipofariki, alikuwa amekwisha kuongoza tawi la benki hiyo nchini Uingereza, hakuanzia sifuri.

Kwa hiyo nawashauri wazazi wamwingize binti kwenye orodha ya wanaosaini hundi wangali na afya, waende naye kuomba mkopo, na katika kikao hicho mzee anyamaze ili binti ajibu maswali yote. Wampe kitengo chenye mapato na matumizi yake, pamoja na mamlaka ya kuajiri. Wamlipe mshahara unaoandikwa vitabuni, kwa maana kazi inayoitwa “kusaidia nyumbani” haihesabiwi siku ya kupima nani anastahili. Na kijana wa kiume asiyeitaka kazi hiyo aulizwe mapema, asibebeshwe.

Hofu ya kwamba binti ataolewa na mali ihamie kwingine naijua vizuri, na siidharau. Dawa yake ni mkataba wa wanahisa unaosema kwamba anayetaka kuuza hisa zake awape kwanza wanafamilia nafasi ya kuzinunua, na unaoeleza hisa zitakwenda kwa nani talaka au kifo kikitokea. Masharti hayo yawabane watoto wote, maana kijana naye huoa, huachana na hufariki.