Shika toleo, usishike jina: kwa wanaoanza kufuatilia mashujaa na maadui wasiojulikana wa komiki za Marekani

Anayeanza kufuatilia mashujaa wadogo wa komiki za Marekani, wale ambao fulana zao hazitundikwi mtaani, kwa kawaida huanza na jina. Analiandika kwenye intaneti, anapata wasifu mrefu wenye tarehe na picha, anaunakili, anaamini ameshamjua mhusika. Lakini katika fani hii hakuna kinachodanganya kama jina. Kinachoaminika ni toleo: mfululizo fulani, namba fulani, mwezi fulani, kampuni fulani. Ukishika toleo, mengine yote utayapata kwa subira.

Tazama Blue Beetle. Wa kwanza alitokea katika Mystery Men Comics namba 1 ya Agosti 1939, kampuni ya Fox. Huyo ni Dan Garret, polisi kijana anayepata nguvu kwa dawa iitwayo vitamini 2X. Mwaka 1964 kampuni ya Charlton ikamtoa Dan Garrett, safari hii kwa herufi t mbili, naye si polisi tena bali mtaalamu wa mambo ya kale aliyeokota sanamu ya mbawakawa huko Misri. Novemba 1966, ndani ya Captain Atom namba 83, Steve Ditko akamleta Ted Kord, mvumbuzi asiye na nguvu zozote za ajabu, anayetegemea akili na vifaa vyake. Kampuni ya DC ikanunua wahusika wa Charlton mwaka 1983. Ted akauawa katika hadithi ya 2005, na mwaka 2006 sanamu ileile ya mbawakawa ikamwangukia Jaime Reyes, kijana wa El Paso, Texas, kisha wasomaji wakaambiwa kwamba haikuwa ya uchawi tangu mwanzo, ni mtambo wa viumbe wa anga za mbali. Hao ni watu wanne, kampuni tatu, na maelezo mawili yanayopingana kuhusu kitu kimoja. Anayeandika sentensi moja kwamba "Blue Beetle ni polisi aliyepata sanamu Misri" amechanganya watu wawili kwa sababu ya t moja.

Kwa hiyo kila mhusika mfungulie kadi, ya karatasi au ya kompyuta. Andika jina la mfululizo pamoja na mwaka ulipoanza, namba ya toleo, tarehe ya kwenye jalada, kampuni, mwandishi, mchoraji, na nani anammiliki mhusika leo. Mwisho andika umeyasoma wapi: kwenye toleo lenyewe, kwenye chapa ya marudio, au kwa kusimuliwa. Hilo la mwisho wageni hulidharau, nalo ndilo litakalokuokoa siku mtu akikuuliza "umeona wapi?"

Mwaka wa kuanza mfululizo si pambo. Kampuni hizi hurudia majina ya magazeti yao ya komiki na kuanza kuhesabu upya. Mfululizo wa zamani wa Marvel Super-Heroes ulianza mwaka 1967 kwa namba 12, kwa kuwa uliendeleza hesabu ya gazeti lingine lililobadilishwa jina. Humo, namba 18 ya Januari 1969, ndimo kundi la kwanza la Guardians of the Galaxy lilipozaliwa. Ukiandika tu "Marvel Super-Heroes namba 8" mtu ataitafuta hapo na hataipata, maana namba 8 ni ya mfululizo mwingine wenye jina hilohilo ulioanza mwaka 1990. Na ni toleo lenye thamani, kwa sababu ndimo alimotokea Squirrel Girl wa Will Murray na Steve Ditko, msichana mwenye mkia na jeshi la kindi, ambaye katika hadithi yake ya kwanza kabisa anamshinda Doctor Doom.

Namba 1 nayo isikufunge macho. Captain Marvel wa zamani, yule anayetamka "Shazam", alitokea Whiz Comics namba 2, Februari 1940. Usihangaike kutafuta namba 1 madukani mwa vitabu vya kale, kwani haikuwahi kuuzwa kwa wasomaji.

Tarehe ya jalada haisemi siku gazeti lilipofika mezani kwa muuzaji. Kampuni ziliweka mwezi wa mbele ili muuzaji asiliondoe mapema. Action Comics namba 1 imeandikwa Juni 1938, lakini iliuzwa kuanzia Aprili. Kwa hiyo ukibishaniwa nani alitangulia kati ya wahusika wawili waliopishana mwezi mmoja, tarehe za majalada peke yake hazitoshi kuamua.

Pa kuhakikishia haya yote ni Grand Comics Database, hazina ya bure inayotunzwa na watu wa kujitolea. Tafuta kwa jina la mfululizo, fungua toleo, soma orodha ya hadithi zilizomo moja moja. Magazeti ya mwanzoni mwa miaka ya 1940 yalikuwa na kurasa 64 kwa senti 10 na hadithi nyingi za wahusika tofauti, hivyo shujaa unayemtaka huenda yuko katikati, wala hayuko kwenye jalada. Ukilifungua gazeti lenyewe, soma maandishi madogo ya kisheria chini ya ukurasa wa kwanza au ndani ya jalada. Hapo ndipo penye jina halisi la mfululizo na mchapishaji, na mara nyingi hupingana na herufi kubwa za nje.

Baada ya kadi, soma. Kwa mhusika mdogo, matoleo manne yanatosha kuanzia: alipotokea kwanza, aliporudi mara ya pili, alipokufa au kupotea, na alipofufuliwa na waandishi wa karibuni. Ukiruka la kwanza utamwona kupitia macho ya leo. Groot alipotokea Tales to Astonish namba 13, Novemba 1960, alikuwa adui: mfalme wa Sayari X aliyekuja kuteka mji mzima wa wanadamu ili wakachunguzwe kwao. Anaongea kwa ufasaha, anatoa hotuba na vitisho, na anaangamizwa na mchwa. Yule wa filamu, wa maneno matatu tu, ni wa miongo mingi baadaye.

Ndiyo maana filamu ni mwalimu mbaya wa wahusika hawa. Polka-Dot Man wa filamu ya 2021 ni mgonjwa anayeteswa na vidoti vilivyomo mwilini mwake. Yule wa Detective Comics namba 300, Februari 1962, ni mwizi wa kawaida anayebandua vidoti kwenye nguo yake na kuvifanya zana: kimoja msumeno, kingine chombo cha kutorokea. Wote wawili wana haki ya kusimuliwa, ila usiweke maumivu ya huyu kinywani mwa yule. Wapo pia walioanzia nje ya komiki: Condiment King, adui anayeshambulia kwa haradali na tomato sosi, alitokea kwanza kwenye katuni ya televisheni mwaka 1994, komiki zikamchukua baadaye.

Kuhusu waundaji, jihadhari na sahihi zinazowekwa kwenye hadithi. Kwa miaka mingi hadithi za Batman zilibeba jina la Bob Kane peke yake hata pale ambapo wengine ndio waliofanya kazi. Kite Man, mwizi wa vishada wa Batman namba 133, Agosti 1960, ni wa Bill Finger na mchoraji Dick Sprang. Finger alifariki mwaka 1974, na jina lake likaanza kuwekwa rasmi kando ya la Kane mwaka 2015 tu. Ukimwandika mwandishi aliyesahauliwa kwenye kadi yako, umemtendea haki aliyonyimwa enzi zake. Na kuna upande wa pili: mtu mmoja kujificha nyuma ya majina mengi. Fletcher Hanks, aliyechora kati ya 1939 na 1941 tu, alimwandika shujaa Stardust kwa jina lake, lakini Fantomah, mwanamke wa msituni ambaye uso wake hugeuka fuvu anapokasirika, alimtia sahihi ya Barclay Flagg. Macho yakishazoea mistari yake huwezi kumkosa: vidole vinene, nyuso zilizokunjamana, adhabu za kutisha zisizolingana na kosa.

Sasa Afrika, kwa sababu msomaji wa Kiswahili atafika huko tu. Mwaka 1967, katika Showcase namba 66 na 67, DC walimtoa B'wana Beast. Ni Mmarekani mweupe, Mike Maxwell, ambaye ndege yake inaanguka mlima Kilimanjaro. Anakunywa maji ya pangoni, anapata nguvu, anavaa kofia ya kuamuru wanyama, na anaweza kuunganisha wanyama wawili kuwa mmoja. Tazama jina lenyewe. Bwana haina king'ong'o wala kituo. Alama ile ya juu (') kwetu ina kazi yake katika ng' ya ng'ombe, lakini hapa imepachikwa ili neno lionekane la Kiafrika. Ukishaiona mara moja utaiona kila mahali: M'Baku na T'Challa wa Marvel, na hata N'Daré, mama wa shujaa Storm, ambaye kwenye hadithi ni Mkenya. Unapoandika kwa Kiswahili, jina la mhusika liache lilivyo, kisha waeleze wasomaji alama hiyo imetoka wapi.

B'wana Beast alisahaulika mpaka Grant Morrison alipomrudisha katika Animal Man mwaka 1988. Mwaka uliofuata, namba 13, kofia ikapokewa na Dominic Mndawe wa Afrika Kusini, katika hadithi ya mapambano dhidi ya ubaguzi wa rangi, naye akajiita Freedom Beast. Soma hayo mawili kwa pamoja, la 1967 na la 1989. Utaelewa kwa nini mhusika mdogo ni wa maana: hakuna anayemlinda, kwa hiyo mwandishi shupavu anaweza kumgeuza kabisa na kampuni isihofie biashara.

Kabla ya hao wote kuna Lion Man. Yumo ndani ya All-Negro Comics namba 1, 1947, gazeti la mwandishi wa habari Mweusi Orrin C. Evans wa Philadelphia, lililoandikwa na kuchorwa na watu Weusi. Lion Man ni mwanasayansi Mmarekani Mweusi aliyetumwa na Umoja wa Mataifa kwenda Gold Coast, yaani Ghana ya leo, kulinda mlima wenye madini ya urani. Bei ilikuwa senti 15. Namba 2 iliandaliwa lakini Evans hakupata wa kumuuzia karatasi, basi ikawa mwisho.

Wengi wenu mtataka kuchora hadithi mpya kwa kutumia wahusika hawa, na wachache wanaruhusiwa kweli. Kwa sheria ya Marekani, kazi iliyochapishwa kabla ya 1964 ilipaswa kuandikishwa upya ilipofika mwaka wa 28. Isipoandikishwa, hakimiliki ilikufa. Kampuni nyingi ndogo zilikuwa zimeshafungwa wakati huo ulipofika, ndiyo maana Stardust na Lion Man ni mali ya umma. Ila hakimiliki ya hadithi si sawa na alama ya biashara ya jina. Daredevil wa 1940, mwenye vazi la rangi mbili nusu kwa nusu, yuko huru kuchorwa, lakini ukiweka jina hilo kwenye jalada utagongana na Marvel, waliomtoa Daredevil wao mwaka 1964. Waliomrudisha yule wa zamani wamelazimika kumtafutia jina lingine nje ya kitabu. Tumia pia sura ya kwanza tu ya mhusika: Dan Garret wa Fox ni huru, sanamu ya Charlton na DC usiiguse. Na sheria ya Marekani inakoma Marekani. Ukichapa Nairobi au Dar es Salaam, angalia sheria ya hapo.

Magazeti ya mali ya umma yanapakuliwa bure Digital Comic Museum na Comic Book Plus. Faili litakuja na kiambishi cbz au cbr. La kwanza ni zip ya kawaida iliyojaa picha, la pili ni rar. Simu ikigoma kulifungua cbz, badilisha kiambishi kiwe zip na utaziona kurasa. Hesabu kurasa kabla ya kusoma, kwa maana nakala nyingi zimepungua kurasa mbili au nne za katikati, karatasi iliyochomoka kwenye pini miaka mingi iliyopita. Nakala zilizopigwa kutoka filamu ndogo za maktaba huwa nyeusi na nyeupe, na rangi ya vazi huwezi kuisoma humo. Kwenye kadi iache rangi wazi mpaka upate nakala nyingine.