Mlimani siku moja na watoto wadogo: saa, mzigo na mahali pa kugeuzia

Mkuu, umeuliza kama wazazi wawili wenye watoto watatu, wa miezi kumi, wa miaka mitatu na wa miaka sita, wanaweza kwenda mlimani asubuhi na kurudi siku hiyohiyo, njia iwe ndefu kiasi gani na wabebe nini. Inawezekana kabisa. Ila acha kupima kwa kilomita. Pima kwa saa, na katika hizo saa anza kuhesabu za kushuka.

Kuna kanuni ya mpanda milima wa Uskoti, William Naismith, ya mwaka 1892, ambayo hadi leo watu wanaitumia. Kwa vipimo vya sasa ni kilomita 5 kwa saa, kisha ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Hiyo ni ya mtu mzima mwenye afya anayetembea bila kusimama. Chukua njia ya kilomita 4 kwenda na kurudi, yenye mwinuko wa mita 300: umbali unakupa dakika 48, mwinuko dakika 30, jumla saa 1 na dakika 18. Kwa mtoto wa miaka sita zidisha mara mbili. Kwa wa miaka mitatu zidisha mara tatu, unakaribia saa nne, na hapo hamjakaa kula wala hamjasimama kurusha mawe kijitoni. Ongeza saa moja. Saa tano kwa kilomita 4! Anayekwambia hiyo ni nyingi mno hajatembea na mtoto wa miaka mitatu.

Kwa familia yako, mara ya kwanza tafuta njia ya kilomita 3 hadi 4 jumla, mwinuko usizidi mita 200. Huyo wa miaka sita peke yake angeweza kilomita 6 au 7, lakini safari inapangwa kwa miguu ya mdogo kuliko wote anayetembea. Chagua njia mnayokwenda na kurudia palepale, si ya mzunguko. Ya mzunguko inavutia kwenye ramani, ila ukishapita nusu huna faida ya kugeuka: mvua ikija au mtoto akigoma, kurudi na kuendelea ni sawa. Kwenye njia ya kwenda na kurudi, kila hatua unaweza kuamua yatosha, na unajua hasa kilicho mbele yako wakati wa kushuka.

Kilele usikifanye shabaha. Mandhari hayamsisimui mtoto wa umri huo. Kinachomtembeza ni kijito, mwamba wa kuparamia, daraja la mbao, gogo lililoanguka. Soma ramani ukitafuta vitu hivyo, kimoja kwa kila nusu kilomita hivi, na kizuri kuliko vyote kiwe mwisho.

Kisha pangeni saa ya kugeuza kabla hamjaondoka nyumbani, na iwe saa, si mahali. Mkianza kutembea saa 2 asubuhi na mnataka kuwa chini saa 8 mchana, mnageuza saa 5 popote mtakapokuwa. Chakula kikubwa kiliwe hapo pa kugeuzia au kabla yake. Kosa linaloharibu siku nyingi ni wazazi kudhani kushuka ni haraka. Kwa mtu mzima ni kweli, kwa mtoto si kweli. Kushuka kunafanya misuli ya mapaja ijizuie kila hatua, na mtoto aliyechoka anaanza kujikwaa hata pasipo na kitu. Muda wa kushuka uhesabu sawa na wa kupanda.

Sasa mzigo, na hapa ndipo mipango mingi ya familia za watu watano inapovunjika. Mtoto wa miezi kumi ana kilo 8 hadi 10, kibebeo chenye fremu kina kilo 2.5 hadi 3.5, na nepi, maji na koti lake ni kilo nyingine 2. Mzazi wa kwanza ameshafika kilo 15 na hawezi kubeba kingine. Mzazi wa pili ana begi la familia nzima, tuseme kilo 8. Je, huyo wa miaka mitatu akisema miguu imeisha, na itaisha, nani anambeba? Ana kilo 13 hadi 15. Watu wengi humpandisha mabegani. Kwenye tambarare sawa. Kwenye mteremko wenye mawe ni hatari, kwa sababu uzito uko juu ya kichwa chako, mikono yote imeshika miguu yake, na ukiteleza yeye ndiye anayeanguka kutoka mita moja na nusu. Chukua mbeleko imara, mbebe mgongoni, na begi livaliwe mbele au uhamishe vitu vizito mapema. Ndiyo maana begi la familia lisizidi kilo 8: lazima ibaki nafasi ya mtoto. Wa miaka sita abebe begi dogo lenye koti lake, kichupa cha maji na filimbi, lisizidi sehemu moja ya kumi ya uzito wake.

Kibebeo chenye fremu ni cha mtoto anayekaa mwenyewe bila kuegemezwa na anayeshika shingo vizuri, kwa kawaida kuanzia miezi sita. Soma lebo: uzito wa juu ulioandikwa mara nyingi hujumlisha mtoto na vitu vilivyomo. Funga mkanda wa kiuno kwanza, juu ya mifupa ya nyonga, ndipo ukaze wa mabega. Ukianza na mabega utachoka baada ya nusu saa. Kumbuka kichwa chake kiko juu kuliko chako. Ukipita chini ya tawi piga magoti, usiiname mbele. Miguu yake iwekwe kwenye vikanyagio, maana ikining'inia tu damu haipiti vizuri na inapoa. Usikisimamishe kibebeo juu ya mwamba au meza na mtoto akiwa ndani, hata kwa sekunde ya kufunga kamba ya kiatu. Akilala, mzazi mwingine amwangalie kwa nyuma: kidevu kikiangukia kifuani, njia ya hewa inabanwa, kwa hiyo kichwa kiinuliwe na kuegemezwa pembeni.

Halafu kuna baridi, ambayo kwa mtoto anayebebwa ndiyo adui mkubwa kuliko kuchoka. Wewe unapanda huku unatoka jasho, yeye amekaa tu kwenye upepo kama abiria. Joto la hewa hupungua kwa wastani wa nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000 unazopanda, na mwili mdogo hupoteza joto upesi kwa sababu ngozi ni kubwa ukilinganisha na uzito. Mvalishe nguo moja zaidi ya unazovaa wewe ukiwa umesimama. Kila dakika 15 au 20 mguse nyuma ya shingo au kifuani. Viganja havikwambii kitu. Mara nyingi ni vya baridi hata akiwa salama. Shingo ikiwa na jasho, punguza. Ikiwa ya baridi, simama mara moja, umtoe, umweke kifuani kwako ndani ya koti. Mtoto mchanga anaweza asitetemeke kabisa. Anayekuwa kimya na mlegevu kuliko kawaida anatia wasiwasi zaidi kuliko anayelia. Kwa hao wakubwa dalili za mwanzo ni kutetemeka, kununa bila sababu, kujikwaa na maneno kuvutika.

Nguo za pamba zisiguse ngozi. Zikilowa jasho au mvua hazikauki upesi na zinanyonya joto. Sufu au vitambaa vya michezo ndani, sweta nzito katikati, koti lisilopitisha maji na upepo juu. Kila mtoto awe na suruali na soksi za akiba ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, maana kama kuna maji njiani watayaingia, utake usitake. Kofia ya jua na ya baridi zote mbili. Mionzi ya jua inayounguza ngozi huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila mita 1,000, na mawingu hayaizuii yote. Losheni ya kinga ya 30 au zaidi ipakwe dakika chache kabla ya kutoka na irudiwe kila saa mbili, masikio na nyuma ya shingo visisahaulike.

Maji: nusu lita kwa mtoto kwa kila saa mbili za kutembea, zaidi jua likiwa kali, kwa mafunda kila dakika 20 bila kusubiri aombe. Vitafunwa kila dakika 30 hadi 45, kidogokidogo. Karanga nzima, zabibu nzima na peremende ngumu wasipewe wadogo wakiwa wanatembea au wamebebwa; zinapalia. Bakiza kitu wanachokipenda sana ambacho hakifunguliwi hadi mmeanza kushuka.

Mwendo auweke mdogo, akiwa mbele. Akikaa nyuma anaona migongo tu na anajiona ameachwa. Kwenye mteremko mkali panga wakubwa hivi: mnapopanda, mtu mzima awe nyuma ya mtoto, mnaposhuka, awe mbele yake, njia ikikata ubavu wa mlima, atembee upande wa bondeni. Kwa vyovyote wewe ndiye unakuwa chini yake. Mahali pa hatari mshike kifundo cha mkono, si vidole, maana vidole vinachomoka. Kijito chenye maji ya kasi usikivuke na mtoto mgongoni hata kikionekana kifupi. Hapo ndipo saa ya kugeuza inapowahi.

Radi. Mlimani mara nyingi hutokea mchana na kuendelea, ndiyo maana mnaanza mapema. Ukiona umeme ukimulika, hesabu sekunde hadi ngurumo: kila sekunde 3 ni kilomita moja. Zikiwa 30 au pungufu, mko ndani ya eneo la hatari, shukeni kutoka kwenye ukingo na sehemu za wazi, mbali na mti uliosimama peke yake, na msirudi juu hadi dakika 30 zipite baada ya ngurumo ya mwisho.

Kupotea kwa mtoto huchukua muda mfupi ajabu. Mfunze huyo wa sita na wa tatu maneno machache kabla ya kwenda: ukiwa huoni mtu wetu, simama, kaa karibu na mti, puliza filimbi. Asitembee kututafuta. Filimbi ifungwe kwenye nguo yake, si kwenye begi atakalolivua. Waambie pia kwamba watakaokuja wakiita majina yao ni wa kuitikiwa, hawatagombezwa. Watoto wengine hujificha wakiogopa kufokewa. Ishara ya kuomba msaada milimani ni milio 6 ndani ya dakika moja, nyamaza dakika moja, rudia. Anayejibu hupuliza mara 3 kwa dakika. Namba 112 inapokelewa na mitandao mingi ya simu duniani. Pakua ramani kabla, weka simu katika hali ya ndegeni kuokoa betri, iweke karibu na mwili kwa sababu baridi inaimaliza. Na kuna mtu aliyebaki nyumbani ajue njia yenu na saa ya kuanza kuwapigia.

Viatu visiwe vipya siku hiyo. Kati ya kidole kirefu na ncha ya kiatu iwepo nafasi ya sentimita 1 hadi 1.5, la sivyo kushuka kutaumiza kucha, ambazo zikatwe siku mbili kabla. Mtoto akisema hapa panawaka moto, vua kiatu dakika hiyohiyo na ubandike plasta. Lengelenge likishatokea hatembei tena.

Haja kubwa: hatua 70 za mtu mzima kutoka kwenye maji, shimo la sentimita 15 hadi 20, lifukiwe. Nepi na tishu za maji zinarudi nyumbani ndani ya mfuko uliofungwa mara mbili.

Kuhusu mwinuko wenyewe, kwa watoto wadogo hivi ningebaki chini ya mita 2,500, kwa sababu ugonjwa wa mwinuko huanza kuonekana kuanzia hapo na mtoto asiyesema hawezi kukwambia kichwa kinamuuma. Utaona tu anakataa kula, anakataa kucheza, analia bila kubembelezeka. Mkiwa juu mkaona hivyo, dawa ni kushuka. Masikio yakiuma garini au kwenye gari la kamba, mpe kunyonya au kunywa. Mwenye mafua makali abaki nyumbani.

Mkirudi, kabla hawajalala garini, kagua kupe: nyuma ya masikio, ukingoni mwa nywele, kwapani, kinenani, nyuma ya magoti. Kupe aliyeuma mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi, vuta moja kwa moja taratibu bila kuzungusha. Usimpake mafuta wala kumchoma. Andika tarehe, na ikitokea homa au upele katika wiki zinazofuata mpeleke mtoto kwa daktari, umtajie kuhusu kupe.