Maswali na Majibu: Aldehidi na Mwanga wa Bakteria wa Baharini

Nimesoma kwamba bakteria wa baharini hung'aa kwa sababu ya aldehidi, aina ya kemikali ya kaboni. Je, aldehidi yenyewe ndiyo inayong'aa?

Hapana, ingawa kosa hilo ni la kawaida. Kinachong'aa ni flavini, molekuli inayotokana na vitamini B2. Kimeng'enya kiitwacho lusiferasi huishika flavini iliyokwisha kupokea elektroni, oksijeni ikajiunga nayo, kisha aldehidi yenye mnyororo mrefu ikaingia. Aldehidi inapogeuzwa kuwa asidi ya mafuta, nishati inayotoka huisisimua flavini, nayo ikitulia hutoa mwanga wa buluu ulioelekea kijani, wenye urefu wa mawimbi wa karibu nanomita 490. Tukifananisha na kibatari, aldehidi ndiyo mafuta ya taa na flavini ndiyo utambi, ila kibatari hiki hakiunguzi.

Ni aldehidi gani, na bakteria huipata wapi?

Ni tetradekanali, yenye kaboni 14. Bakteria huitengeneza wenyewe kutokana na asidi ya mafuta, kwa gharama ya ATP na NADPH, molekuli zinazobeba nishati ndani ya seli.

Wanasayansi walijuaje kwamba inahitajika?

Mwaka 1953, Milton Cormier na Bernard Strehler wa Marekani walikuwa na maji ya bakteria waliosagwa, yaliyotoa mwanga hafifu tu. Walipoongeza dondoo la figo ya nguruwe mwanga ulizidi, na kilichouzidisha kikaonekana kuwa aldehidi ya kaboni 16. Jaribio linalonivutia zaidi, hata hivyo, ni la bakteria walioharibika jeni za kutengeneza aldehidi: sahani yao hukaa gizani bila nuru yoyote, lakini tone la dekanali, ambayo imo pia katika ganda la chungwa, likiwekwa chini ya kifuniko, mvuke wake peke yake huwawasha.

Je, vimulimuli tunavyoviona usiku pwani kasia likipiga maji ni mwanga huo huo?

Mara nyingi sivyo. Hivyo hutoka kwa dinoflagelati, viumbe wadogo wa seli moja, ambao humetameta wakisumbuliwa na hawatumii aldehidi. Bakteria hung'aa mfululizo bila kuguswa, mradi wawe wengi pamoja. Januari 1995 mabaharia wa meli iitwayo Lima walipita karibu na Somalia katika bahari nyeupe kama maziwa. Miaka kumi baadaye, uchambuzi wa picha za setilaiti za wakati ule ulionyesha kwamba eneo hilo lilikuwa na ukubwa wa takriban kilomita za mraba 15,400, na bakteria ndio wanaodhaniwa kuling'arisha.